Nywele Ndani ya Timba

Hii habari, ukiisikiliza mpaka mwisho, mimi ndiye ninayeonekana mjinga. Nasema mapema ili usije ukajifanya umegundua mwenyewe. Washikaji zangu wa pale Kahama wakitaka kunichokoza hawahangaiki, wananiuliza tu, "Eti, yule mbuzi wako hajambo?" Basi kijiwe chote kinavunjika mbavu. Na mimi nacheka nao, maana nikinuna watanifanyia kila siku. Lakini kiukweli hicho kicheko kwangu hakishuki.

Mimi ni seremala. Shule nimeishia la saba, na hilo la saba lenyewe nadhani walimu walichoka kuniona. Ufundi nilijifunzia Kahama, kwenye kibanda cha fundi mmoja anayetengeneza vitanda na fremu za milango. Mpunga ukikubali watu wanaoa, watu wakioa wanataka kitanda, na sisi tunakula. Mteja akiuliza kitanda kitadumu muda gani, nilikuwa namwambia inategemea na ndoa. Fundi wangu alikuwa ananirushia vipande vya mbao kwa huo mdomo.

Siku moja akaja mzee mmoja na gari. Mpole, shati limenyooka, anaongea taratibu. Hakutaka kitanda. Akapitisha kidole kwenye kona ya fremu niliyokuwa nimetoka kuimaliza, pale ubao unapokutana na ubao, akatafuta pa kuingiza ukucha, akakosa.

"Nani kaunga hapa?"

"Mimi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Una mkono wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina mkono. Wote walikuwa wananiambia nina mdomo. Ningemfuata yule mzee hata kama angesema tunaenda kuzimu, na kwa namna fulani ndiko tulikokwenda.

Alikuwa na shimo la dhahabu upande wa Geita, huko porini kwenye vilima. Shimo kama hilo tunaliita duara. Linashuka chini kuliko kisima chochote unachokijua, na udongo wa juu ni laini, ukiuacha hivi hivi unajirudia kulifukia. Kwa hiyo anatafutwa fundi wa kupanga magogo kuzunguka kuta, kuanzia mdomoni mpaka yanapofika kwenye mwamba mgumu. Magogo hayo ndiyo matimba. Wachimbaji wenyewe huwa wanakuja na kuondoka. Leo yuko hapa, kesho kasikia duara la jirani limetoa mawe mazuri, kabeba begi lake, hakuna anayemfuata. Fundi ni habari nyingine. Fundi mzuri akiondoka, nani atakubali kushuka? Hilo mimi sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria mkono wangu.

Pale kambini tulifika wiki moja na fundi mwingine, mtu wa Nkome, kule ziwani, mtengeneza mitumbwi. Mtu mzima kunizidi, ana mke na mtoto mchanga, mpole mpaka unamwonea huruma. Yule mzee, sasa bosi wetu, alimleta kwa sababu duara lilikuwa linapita kwenye tabaka la maji, na maji hayajali timba, yanapita katikati. Yeye akapiga mbao nyuma ya magogo, akaziba kila kiungo kwa pamba aliyoisokota na mafuta, kama anavyoziba mtumbwi. Maji yakakoma. Wachimbaji wakawa wanashuka na kupanda na viatu vikavu, wanaona maajabu.

"Hii ni boti," aliniambia. "Ila imesimama wima."

"Sasa nahodha, tunaelekea wapi?"

"Chini," akasema, hata hakucheka. Huyo ndiye alikuwa rafiki yangu. Mimi naongea, yeye anafanya kazi. Alikuwa ananiita dogo.

Kabla hatujapanga hata timba moja, bosi alileta mganga. Msishangae, huko duara bila dawa hakuna anayelikubali, wachimbaji wenyewe ndio wa kwanza kuuliza. Mganga akaja na mbuzi mweusi, kamfunga kwenye mti nyuma ya kibanda. Akatukusanya pale mdomoni, saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wote wanaona. Akasema mkono wa fundi ndio unaoshika ardhi. Ukiondoka kabla duara halijaanza kutoa, matimba yanaufuata. Akasema kila fundi alete nywele zake.

Mwenzangu akainama, akakatwa za kisogoni. Ikaja zamu yangu. Mimi nilikuwa nimenyoa kipara Kahama, kipya, kinang'aa, nilikuwa nimeambiwa machimboni kuna chawa. Watu wakaanza kucheka. Mganga akaniambia nenda kule nyuma ya kibanda, mtu ana nywele sehemu nyingi.

Nikaenda. Kiukweli niliona aibu. Na pale nyuma ya kibanda ndipo alipokuwa amefungwa yule mbuzi, ananitazama. Nikamnyofoa kidogo mgongoni, akapiga kelele, na mimi nikapiga kelele kama mtu aliyejinyofoa mwenyewe. Kule mbele walicheka sana. Nikaleta manyoya kwenye kiganja. Mganga akayanusa.

"Huyu kijana ana nyota," akasema.

Nilikaza uso mpaka taya likaniuma.

Timba la kwanza, lile la mdomoni linalobeba mengine yote, lilikuwa limelala pale tayari. Nikaambiwa nitoboe tundu. Nikatoboa kwa patasi, tundu safi. Tukaambiwa wote tugeuke. Tukageuka. Mganga akafanya ya kwake, halafu akasema haya, ziba. Nikachonga kizibo cha mti, nikakipiga kikaingia chote, nikakiparua kwa randa, usingejua kama pale pana tundu. Yaani nilitengeneza kufuli la kunifungia mwenyewe, na nikalipiga msasa.

Makubaliano yalikuwa kwamba tunakula na kulala kwa bosi, halafu duara likianza kutoa, kila mtu anapata fungu lake. Simu zetu alizihifadhi yeye, eti zinavuruga dawa. Kazi ikaenda. Mawe yakaanza kupanda juu, wachimbaji wanayalamba wanasema dhahabu imo, imo. Bosi akayatazama akasema bado, hii siyo dhahabu, hizi ni dalili tu. Zile dalili zilikuwa zinapakiwa kwenye lori kila mara kwenda kusagwa. Mimi nikamuuliza dereva, "Dalili zinaenda hospitali?" Akaniambia nyamaza dogo, utanifukuzisha kazi.

Masika yakaja, kiangazi kikaja. Shati nililotoka nalo Kahama likabaki kola na vifungo.

Sasa utauliza, wewe ulijua mle ndani kuna manyoya ya mbuzi, kwa nini hukuondoka? Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Nilijua, na bado niliogopa. Nilikuwa nalala nafanya hesabu za kichawi peke yangu. Kama nywele za mtu zinamshika mtu, basi za mbuzi zimemshika mbuzi. Lakini mbuzi tulimla siku ile ile. Mimi mwenyewe nilipewa paja. Sasa aliyeshikwa ni nani, si mimi niliyemla? Halafu siku moja nilitumwa kutafuta magogo ng'ambo ya kijito, nikachelewa kidogo, na huku nyuma udongo ukamomonyoka upande mmoja wa duara. Haukumuua mtu. Jamaa mmoja ulimfunika mpaka kiunoni, wakamtoa analia. Niliporudi na gogo langu begani watu wote walikuwa wamesimama pale mdomoni, wananitazama. Bosi akanishika bega kwa upole.

"Umeona, mwanangu?"

Nikasema nimeona. Nilichokiona mimi ni kwamba pale udongo ulipoanguka hapakuwa bado na timba hata moja, na ndiyo maana nilitumwa kuleta magogo. Lakini ukitazamwa na watu wengi namna ile, hata akili yako inahamia upande wao.

Aliyekuwa anatuletea habari za nje ni mama mmoja wa dagaa. Alikuwa anatoka Nkome na magunia yake, anazunguka kambi hadi kambi. Siku hiyo akamvuta mwenzangu pembeni, na kwa kuwa mimi sijui kukaa pembeni, nikasogea.

"Baba, mkeo anakusalimia. Mtoto ameshaanza kutembea."

Jamaa akatabasamu, akakaa chini kwenye gunia.

"Ila kuna jambo. Kaka zake wamekuja. Wanasema wewe ni marehemu, na kama siyo marehemu basi umeoa huku. Wanasema mvua za vuli zikianza wanamchukua dada yao na mtoto, warudi kwao."

"Mimi niko hai."

"Ndiyo nakuona. Wao hawakuoni. Mkeo anasema uje uonekane tu. Hata siku moja. Wakuone na macho, basi."

Jamaa alikaa pale kwenye gunia mpaka mama wa dagaa akamwomba amsamehe, gunia linahitajika.

Akaenda kwa bosi. Mimi nilikuwa karibu nanoa patasi. Bosi alikuwa anakunywa chai, akammiminia na yeye.

"Mzee, naomba niende nyumbani nikaonekane. Narudi."

"Kwani mwanangu nani kakuzuia? Umeona geti hapa? Umeona nina bunduki?"

"Hapana mzee."

"Basi nenda. Ila mimi sishuki chini. Wanaoshuka ndio ukawaage. Wakikuruhusu, gari langu litakupeleka."

Nimekutana na watu wakali wengi. Ningependa wote wawe wakali, kuliko ule upole.

Akawafuata wachimbaji, walikuwa wanasubiri ugali uive. Akawaeleza yote, mke, mtoto, mashemeji. Hawa walikuwa watu wa maneno, wanaoweza kukutania siku nzima kwa sababu ya tundu kwenye soksi. Siku hiyo kila mtu akatazama sufuria.

Mmoja akasema, "Kaka, mimi nina watoto wadogo."

"Na mimi nina mtoto," mwenzangu akasema.

"Ndiyo. Lakini wa kwako baba yake yuko juu."

Mwingine akasema, "Subiri basi na mimi nihame kwanza. Nikishahama, nenda hata Ulaya."

"Utahama lini?"

"Sasa nitajuaje kaka? Nikipata."

Walivyomaliza hivyo wakampakulia. Walimwekea mnofu wa samaki, wao wakabaki na mchuzi. Mmoja akamnawisha mikono kama mkwe. Alikula ule mnofu polepole, macho chini, na mimi nikajua haendi popote. Angekuwa amekatazwa kwa matusi, labda angekwenda.

Kesho yake nikamfuata anasokota pamba. Nikamwambia siri yangu ya mbuzi. Nilidhani atacheka.

"Nilijua," akasema. "Nywele zako siyo nyeusi hivyo. Na zilikuwa na kupe."

"Ukakaa kimya?"

"Ni mambo yako dogo."

"Basi unaona ni uongo! Mganga gani hajui mbuzi? Alisema nina nyota!"

"Za kwako ni za mbuzi. Za kwangu ni zangu." Akaendelea kusokota. "Zingekuwa mkononi mwangu, ningezichoma, ningeondoka leo hii. Hata hao wasingepata shida, maana mkono wangu ungekuwa umeachiwa. Lakini ziko mle."

Nikaitazama mikono yangu. Nani alizifungia mle? Mimi. Nani katika kambi nzima anajua ile randa ilipita wapi? Mimi. Nikamwambia, kaka, mimi nakutolea.

Nikaenda kwa bosi nikamwambia timba la mdomoni nimelisikia linalia, huenda mchwa wameingia, nataka nilipekue. Akasema pekua, ila usilitoe. Nikangoja mchana, wachimbaji wamepanda juu kula, wamekaa na sahani zao kule kivulini. Nikapiga magoti pale mdomoni na patasi na nyundo. Mwenzangu alikuja akasimama karibu yangu, lakini kanipa mgongo. Alikuwa amesimama kama mtu aliye kwenye mtumbwi wakati wa mawimbi bila kushika kitu.

"Geuka basi uone."

"Fanya tu."

Kizibo changu kilikuwa kigumu, nilijilaani kwa kukitengeneza vizuri. Kikatoka. Nikaingiza kidole. Nikakizungusha. Nikachukua msumari nikakwangua mpaka mwisho wa tundu. Likatoka vumbi la mbao, lile lile la patasi yangu, bado jeupe. Hamna kitambaa cha kufungia dawa. Hamna nywele, za mtu wala za mbuzi. Siku ile tumegeuka, yule mganga hakuweka kitu chochote.

Nikacheka. Wallahi nilicheka mpaka machozi. Nilijisikia mwepesi, kama nimetua gogo.

"Kaka, hamna kitu! Tumefungwa na hewa! Miezi yote hii tumefungwa na hewa!"

Akageuka. Akainama, akachungulia. Akaingiza kidole chake, kinene, hakikufika mbali. Uso wake niliutazama nikisubiri ucheke. Ukafanya kitu kingine.

"Ziko wapi?"

"Hazipo kaka. Hazikuwahi kuwepo."

"Nilikatwa. Ulimwona ananikata. Ziko wapi?"

"Labda alizitupa."

"Wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Ndiyo hivyo. Hujui. Na mimi sijui." Alikuwa anaongea chini chini, kwa sababu ya wale wa kivulini. "Kila asubuhi nilikuwa nikipita hapa naweka mkono kwenye hili timba. Nasema ziko hapa. Nikipata nafasi nitazitoa. Sasa nitatoa nini?"

"Si uende tu! Hakuna kilichokushika!"

"Anazo kwake. Amezitia kwenye vitu vyake. Au ameshuka nazo mwenyewe, kaziweka kule chini kwenye maji, kwenye miguu ya hao." Kila alichokitaja kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. "Ungeacha, dogo. Ungeacha pakiwa pamefungwa."

Nikamwambia kila kitu kinachoweza kusemwa. Nikamwambia yule mganga ni tapeli, angekuwa na uwezo wa kushika ardhi angeshindwaje kumtambua mbuzi wake. Nikamwambia bosi anajua. Nikamwambia kule Nkome mawingu yanakusanyika. Yote yalikuwa kweli na yote yalimwongezea. Nilikuwa kama mtu anayemvuta mwenzake kwenye tope, na kila nikivuta anazama.

Akakiokota kizibo. Akaomba nyundo. Akakirudisha mwenyewe, anapiga kidogo kidogo, kwa adabu, kama anayerudisha mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Wewe nenda," akaniambia. "Wewe hawana chako. Pita Nkome, mwambie mke wangu niko mzima. Mwambie asiondoke. Mwambie umeniona."

Niliondoka siku iliyofuata, mchana, njia kuu. Nilichukua ubao nikaweka begani. Hilo nililijua tangu Kahama, seremala mwenye ubao begani hakuna anayemuuliza anaenda wapi, watu wanampisha. Bosi mwenyewe alinipisha, akaniambia pole na kazi mwanangu. Mwenzangu alikuwa ndani ya duara, nusu mwili, anaziba kiungo. Hakutazama juu.

Usidhani nilitembea kishujaa. Mle ndani ya timba nilikuwa nimeingiza kidole changu mwenyewe, najua hamna kitu, na bado nilikuwa natembea nasikiliza nyuma. Nikisikia mtu kaita, nasimama. Ndege akilia, nasimama. Nilifika barabarani jasho linanitiririka, nikapanda pikipiki na ubao wangu, dereva ananiuliza bro huo ubao ni wa nini, nikakumbuka kwamba naweza kuutua. Nikamwachia mama mmoja anayeuza chai pale njiani, akasema atafanyia benchi.

Mpaka leo matimba hayajaanguka. Mama wa dagaa ndiye huniletea habari. Wameleta fundi mwingine mahali pangu. Naye alikatwa nywele. Na yule wa Nkome bado yuko, anaziba maji, wanampakulia vizuri.

Basi, kesho yake baada ya kuondoka kambini, nilifika Nkome. Nikaulizia, nikaonyeshwa mwanamke mmoja ufukweni anageuza dagaa kwenye nyavu zilizotandazwa chini, mtoto anamfuata nyuma, anatembea kweli, tumbo mbele kama mwenyekiti. Pembeni kulikuwa na mtumbwi umeishia mbavu tu, haujafika mwisho, jua limeupasua. Sikuhitaji kuambiwa ni wa nani.

"Shikamoo shemeji," nikasema, ingawa hajanizidi.

"Shikamoo ya nini na ndevu hizo? Wewe nani?"

"Mimi ni rubani. Nimekuja na ndege ya mumeo. Kawa tajiri, kanenepa mpaka tumemtanulia mlango."

Akanitazama, halafu akacheka, akaziba mdomo na kanga. Nikamwambia mumewe sasa anaongea sana, mpaka kambi nzima inamwomba anyamaze. Nikamwambia anapika. Akacheka zaidi, akasema huyo siye, umekosea mji. Mtoto akaja akanishika suruali. Nilitamani niendelee hivyo mpaka giza liingie.

Kwenye ziwa mawingu yalikuwa yamekaa chini, meusi, upepo umeanza kunyanyua pembe za nyavu. Akaanza kukusanya dagaa haraka haraka, na mimi nikapiga magoti kumsaidia.

"Kaka zangu wanakuja," akasema huku anazoa. "Wameshatuma mtu. Sasa niambie, anakuja lini?"

Nikamweleza. Nilianza na nywele, nikaenda na bosi na chai yake, na wale waliompa mnofu. Hakuniuliza kitu mpaka nilipofika pale nimepiga magoti mdomoni, nimeng'oa kizibo.

"Ukakuta nini?"

"Hamna kitu. Tundu tupu."

"Yeye alikuwa anatazama?"

"Alikuwa amenipa mgongo."

"Amekupa mgongo." Akaacha kuzoa. "Na wewe nywele ulikuwa nazo wakati huo?"

Nikajishika kichwa. Nilikuwa nazo tele, muda wote ule ni nani angeninyoa.

"Za mbuzi ulinyofoa, zako ukashindwa, ukamwambia hamna?"

"Shemeji, hamna ndiyo iliyokuwa kweli."

Matone yakaanza kudondoka kwenye mchanga, makubwa, moja moja. Akamnyanyua mtoto akamweka kiunoni.

"Tangu umefika hapa umeniambia uongo mtupu, na nimecheka," akasema. "Siku ile moja ndiyo ukaona useme kweli?"